Ukubwa wa diski si wepesi wa kompyuta

MTU anayekwenda kununua kompyuta katika maduka ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hukuta mashine zimebandikwa karatasi zenye tarakimu: GB 4, GB 500, GHz 2.5. Muuzaji huzisoma kwa haraka, mteja huitikia kwa kichwa, na mara nyingi huishia kuchagua mashine yenye tarakimu kubwa kuliko nyingine. Baada ya wiki chache huanza kulalamika kwamba kompyuta inakwama. Wapo wanaoshauriwa kununua diski yenye nafasi kubwa zaidi, nao hulipa, na kompyuta huendelea kukwama vilevile.

Kosa linaanzia katika hizo GB mbili. Zote ni gigabaiti, lakini hazipimi kitu kimoja. GB 500 ni ukubwa wa diski kuu, yaani ghala ambamo barua, picha na programu hukaa hata umeme ukikatika. GB 4 ni kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu. Humo ndimo kompyuta huweka kile inachokifanyia kazi wakati huo, na ukiizima, vilivyomo hupotea.

Mfikirie fundi cherehani mwenye stoo iliyojaa majora ya vitambaa, lakini meza yake ya kukatia ina upana wa shubiri mbili. Kila mara atalazimika kukunja kitambaa kimoja na kukirudisha stoo ili apate pa kutandaza kingine. Kompyuta nayo hufanya hivyo hivyo ramu inapojaa: huanza kutumia sehemu ya diski kuu kama meza ya ziada, na diski ni nzito mno kwa kazi hiyo. Huko ndiko kukwama kwenyewe. Kumwongezea fundi huyo stoo hakumsaidii. Anachohitaji ni meza.

Anayetumia Windows anaweza kulithibitisha hilo bila kumlipa mtu. Fungua programu unazozitumia kila siku, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaona asilimia ya ramu inayotumika. Ikiwa inakaribia 100, tatizo umelipata. Hata hivyo, kabla ya kununua ramu ya kuongeza, uliza kwanza kama mashine yako inaikubali, kwa sababu kompyuta nyingi nyembamba za mkononi zina ramu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao mama.

Fundi mwenyewe, katika mfano wetu, ni prosesa. GHz 2.5 maana yake ni mapigo bilioni 2.5 kwa sekunde. Tarakimu hii nayo huwapotosha wengi, kwani prosesa mpya yenye mapigo machache inaweza kumaliza kazi kabla ya prosesa kuukuu yenye mapigo mengi.

Kuhusu diski, aina ina uzito kuliko ukubwa. Diski za zamani zina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kikizitafuta data huku na huko. Za kisasa hazina kinachozunguka, na ukiweka moja katika kompyuta ya mtumba utaona tofauti tangu unapoiwasha. Na ukiona diski ya GB 500 inasomeka 465, usimwite muuzaji mwizi: kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1 kamili, ilhali Windows huhesabu kwa 1,024 mara tatu.

Mkanganyiko kama huo upo katika mtandao, ambako neno waifai hutumika kana kwamba ndiyo intaneti. Waifai ni mawimbi ya redio kati ya simu au kompyuta yako na ruta, kile kisanduku chenye taa kilichopo sebuleni au ofisini. Kutoka kwenye ruta safari inaendelea kwa waya au mnara hadi kwa mtoa huduma, kisha aghalabu kupitia mkongo wa chini ya bahari, hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayotunza ukurasa unaoutaka.

Mkongo wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Mei 12, 2024 yote miwili ilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Siku hiyo alama ya waifai kwenye simu ilibaki imejaa, na waliozima na kuwasha ruta zao walijisumbua bure.

Lililobaki ni la fedha. Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti, lakini mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo anayelipia Mbps 20 hupata, hali ikiwa nzuri, megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu ya megabaiti 600 itachukua dakika nne, si nusu dakika kama wengi wanavyotarajia. Katika maandishi, b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti.

Ukihisi unapunjwa, unganisha kompyuta na ruta kwa waya, halafu pima kasi upya. Ikipanda, mhalifu ni waifai yako: kuta nene, umbali, au mawimbi ya GHz 5, ambayo yana kasi lakini hupenya ukuta kwa shida kuliko yale ya GHz 2.4. Kuisogeza ruta kunaweza kutosha. Ikiwa hata kwa waya hali ni ile ile, hapo ndipo pa kumpigia simu mtoa huduma, na kumtajia kasi uliyoipima kwa megabiti, si kwa megabaiti.