"Mwache Alale, Pombe Zitamtoka"



Jambo hili si geni katika familia zetu. Baba, kaka au mjomba amerudishwa kutoka kwenye sherehe ya harusi au ya kipaimara, hawezi kusimama, wala haitiki anapoitwa. Wenye nyumba, kwa aibu na hasira, humburuta hadi mkekani, humlaza chali, hufunga mlango na kusema: "Mwache alale, pombe zitamtoka." Mara nyingi huamka asubuhi akiomba maji. Lakini wapo ambao hawaamki tena. Mwezi huu tungependa kueleza kwa nini, na familia ifanye nini usiku huo.

Kooni kuna njia mbili

Mwenyezi Mungu ametuumbia kooni njia mbili zinazopakana: moja ya chakula kwenda tumboni, nyingine ya hewa kwenda mapafuni. Kila tunapomeza, kifuniko kidogo huziba njia ya hewa ili chakula kipite salama. Hata tone la maji likipotea njia, tunapaliwa na kukohoa kwa nguvu mpaka litoke. Kikohozi hicho ndicho mlinzi wetu.

Pombe nyingi humlaza mlinzi huyo. Misuli ya koo hulegea, ulimi huangukia nyuma na kubana njia ya hewa. Ndiyo maana mlevi hukoroma sana. Tusidhani kwamba amepata usingizi mzuri; huenda anapigania pumzi. Wakati huohuo pombe hulichafua tumbo na kuleta matapishi. Mtu aliyelala chali akitapika, matapishi hurudi kooni, naye hana nguvu ya kukohoa wala fahamu ya kugeuka. Anaweza kupaliwa kimyakimya na kufa karibu na watu waliolala.

Hata akinusurika, matapishi yaliyoingia mapafuni yaweza kuleta nimonia. Hivyo basi, akianza kukohoa, kupata homa au kuumwa kifua katika siku zinazofuata, apelekwe hospitali.

Tahadhari hii ni pia kwa aliye macho. Aliyelewa akila nyama choma haitafuni vizuri, na pande kubwa laweza kumkwama kooni.

Pombe na pumzi

Pombe hulevya ubongo kwa hatua. Kwanza huondoa haya na busara, ndipo mtu anaanza kusema ovyo. Kisha huharibu mwendo na maneno. Ikizidi sana hufika kwenye shina la ubongo, sehemu inayoongoza pumzi hata tukiwa usingizini. Hapo pumzi hupungua, hukatikakatika, na yaweza kukoma kabisa. Hatari huwa kubwa zaidi kwa aliyemeza pia dawa za usingizi au za maumivu makali.

Wengi hawajui kwamba aliyelala anaweza kuendelea kulewa. Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia katika damu baada ya glasi ya mwisho. Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 tu za pombe kwa saa, na chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi. Aliyekunywa chupa 6 kwa haraka anahitaji saa 12 au zaidi. Kahawa, maji baridi na ndimu haviongezi kasi hiyo.

Mwimbaji Bon Scott wa kundi la AC/DC alilewa usiku mmoja wa Februari 1980 huko London, akaachwa alale ndani ya gari. Alikutwa hana uhai. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Dalili za hatari

Mpeleke hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:
- haamki hata akiitwa kwa sauti au kufinywa;
- anavuta pumzi chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika kwa zaidi ya sekunde 10;
- midomo, ufizi au kucha zimekuwa za rangi ya buluu au kijivu;
- mwili ni wa baridi, au anapata degedege;
- anatapika bila kuamka.

Mtoto aliyekunywa pombe asisubiriwe hata kidogo, kwani sukari ya mwili wake hushuka upesi. Aliyekunywa gongo naye, akilalamika kwamba haoni vizuri au akihema kwa kasi, hata kesho yake, apelekwe haraka. Huenda kinywaji kilikuwa na sumu ya methanoli.

La kufanya nyumbani

Mlaze kwa ubavu. Piga magoti kando yake, weka kiganja cha mkono wake wa mbali chini ya shavu lililo upande wako, kunja goti la mguu wa mbali, kisha livute goti hilo kuelekea kwako mpaka ageuke. Inua kidevu kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, na mdomo uelekee chini ili matapishi yatoke. Mfunike asipate baridi. Kisha kaa naye, mpokezane zamu na kuhesabu pumzi zake. Kumlaza ubavu bila kumwangalia hakutoshi.

Usimlazimishe kunywa maji, maziwa wala mafuta, na usimtie kidole kooni ili atapike. Vyote hivyo vyaweza kumpalia. Usimwogeshe maji baridi. Pumzi ikikoma, ita msaada na ukandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.

Huko hospitali semeni ukweli: alikunywa nini, kiasi gani, na dawa gani alimeza. Aibu isiwafumbe midomo. Mganga anatafuta kumwokoa mgonjwa.

Kanisa linatufundisha kuwa na kiasi, na siku ya kuzungumza na ndugu huyo kuhusu ulevi wake lazima ifike. Lakini si usiku huu. Msamaria mwema hakuanza kwa maswali. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtunza katika nyumba ya wageni mpaka kesho yake. Nasi tumtunze mlevi wetu mpaka kuche, ili asubuhi tuwe na mtu wa kumwonya.