Televisheni, Umeme na Usalama Wetu

Kwa miaka mingi hapa Mpanda tulitegemea umeme wa mitambo ya dizeli, na tabia yake twaijua: unakatika ghafla na kurudi kwa kishindo. Baadaye televisheni inawaka vizuri, lakini picha ya king'amuzi haipo.

Tusikimbilie kulaumu tundu la nyuma. Tuangalie kwanza kama rimoti imechagua tundu lenyewe. Mara nyingi watoto wamechezea tu. Kisha tuzime, tuchomoe plagi, tubadilishe waya, tujaribu tundu jingine. King'amuzi kikikataa hata kwenye televisheni ya jirani, ubovu ni wake. Kikikubali kule, huenda tundu letu limeungua, nayo ni kazi ya fundi. Tusifungue wenyewe! Televisheni za kichogo huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata zikiwa zimechomolewa, na umeme huo hudhuru vibaya. Mtu akinaswa na umeme wa nyumbani, tuzime swichi kubwa kwanza, ndipo tumguse.

Umeme ukikatika, tuchomoe plagi. Ukirudi, tusubiri dakika chache. Kifaa cha kulinda umeme husaidia, ila radi hukishinda. Tena radi hupitia hata waya wa dishi, ndiyo maana aliyechomoa plagi peke yake bado huunguliwa na matundu. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, tuchomoe vyote viwili mawingu yakiwa bado mbali. Ngurumo zikishaanza, tusiguse waya wowote.