Nauli ya Mwanafunzi, Mzigo wa Nani?

Asubuhi katika vituo vya daladala vya Dar es Salaam, mwanafunzi mwenye shilingi 200 mkononi huona magari yakimpita. Konda ameziba mlango kwa mkono: watu wazima kwanza, wanafunzi wawili tu.

Desemba 2023, LATRA, mamlaka inayosimamia nauli, ilipandisha nauli ya safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Ya mwanafunzi ilibaki 200. Uamuzi mwema, ila shilingi 400 zilizobaki hazikupangiwa mlipaji.

Matokeo yake zimewaangukia konda na dereva. Wengi wao hawana mshahara: mafuta ni juu yao, jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake kamili, na kinachosalia ndicho riziki yao. Kila kiti anachokalia mtoto kinaimega riziki hiyo. Ukali wao kwa watoto unaumiza na hauna utetezi, lakini chanzo chake kiko kwenye mpango wenyewe.

Kwani fedha za umma haziingii kwenye usafiri? Zinaingia, tena nyingi. Kila lita ya petroli ina tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita, yakiwemo mafuta ya taa. Bibi wa kijijini asiye hata na baiskeli akachangia kupitia kibatari chake. Njia za mabasi ya mwendokasi jijini, kutoka Kimara hadi Kivukoni, zilizoanza kutumika Mei 2016, zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na deni la serikali ni la Watanzania wote, hata wa Kigoma.

Umma, basi, unalipia lami. Haujalipia kiti cha mtoto.

Kwingine umma hulipia hata kiti. Luxembourg ilifuta nauli za mabasi na treni za kawaida mwaka 2020, lakini hiyo ni nchi ndogo na tajiri. Mfano wa London unafaa zaidi. Huko mamlaka ya jiji huzilipa kampuni za mabasi kwa huduma zilizokubaliwa katika mkataba, si kwa kichwa cha abiria. Mtoto wa miaka 12 mwenye kadi yake hupanda bure, na dereva hapotezi kitu.

Daladala hazihitaji kuingizwa zote kwenye mikataba kama hiyo kwa siku moja. Kadi ya mwanafunzi inayosomwa mlangoni, na serikali kuwalipa konda na dereva ile tofauti kutoka kwenye tozo ya mafuta, vingetosha kuondoa sababu ya konda kumkataa.