Jukwaa Kwanza, Maneno Baadaye

Mwenzi wako ana jambo moyoni na kila ukimuuliza anasema "niko poa"? Msome James Dean.

Mwaka 1940 alifiwa na mama yake akiwa na miaka 9 tu. Baba akampeleka kwa shangazi yake na mumewe, wakulima wa Fairmount, Indiana. Alipofika sekondari, mbali na basketiboli, akajitosa kwenye maigizo ya shule. Mwalimu Adeline Brookshire ndiye aliyemnoa.

Aprili 1949 akashika namba 1 katika mashindano ya jimbo, akiigiza kisa cha mwendawazimu kilichoandikwa na Charles Dickens, kwa mayowe na machozi. Kwenye mashindano ya taifa, Colorado, alishauriwa akifupishe. Akagoma, akazidisha muda, akaambulia namba 6. Kipaji nacho kinahitaji masikio!

Miaka 6 baadaye Marekani nzima ilimjua kwa filamu ya East of Eden. Ajali ya gari ilimuua mwaka huohuo, 1955, akiwa na miaka 24.

Kwa hiyo, acha kumhoji mwenzi wako kama polisi. Jiungeni na kwaya au kikundi cha maigizo. Wengine hufunguka wakipewa jukwaa.