Magari ya Zamani ya Safari Rally Yana Mengi ya Kufunza

Ukikuta gari la zamani la mbio kwenye maonyesho ya Safari Rally, Naivasha, usipige picha tu ukaondoka. Chungulia injini: hakuna kompyuta. Petroli ilipitia kabureta, kama kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, na hitilafu ilirekebishwa kwa spana kando ya barabara. Vyuma vya mbele vilikinga gari likigonga mnyama.

Mbio hizi zilianza mwaka wa 1953. Mwaka wa 1965, Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, alishinda pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika.

Vijana mnaosomea ufundi wa magari, waulizeni wenye magari maswali. Wazazi, hakikisheni watoto hawagusi wala kupanda magari bila ruhusa.