Kisomo Kisichokomea Darasani

Wako wadhanio kwamba mtu akishajua kusoma, kazi ya mwalimu imekwisha. Historia ya nchi yetu yatufunza vingine. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, uliendeshwa katika mikoa ya Ziwa, Mara ukiwamo. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa njia ya pamba, ng'ombe na uvuvi. Kufikia 1986 wasiojua walikuwa chini ya 10 katika kila 100. Sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya 20. Watoto wengi walikosa shule katika miaka ya uchumi mgumu, na watu wazima wakakosa cha kusoma. Jembe lisilolimiwa huota kutu.

Basi tufundisheje? Tuanze na kazi ya msomaji. Kwa mkulima wa kahawa wa Tarime, somo la hesabu na liwe stakabadhi ya mizani: kilo mara bei, toa makato. Asipoweza kuikagua, jasho la mwaka mzima hukadiriwa na mwingine. Kwa mfugaji wa Serengeti, maandishi ya chupa ya dawa ya kupe ndiyo kitabu: akikosea kipimo, kupe hubaki na ng'ombe hufa.

Kisha kila somo lizae jingine. Aliyesoma kipimo apewe makala juu ya ugonjwa wenyewe. Nao watoto tuwazoeze kutafuta maarifa bila kungoja mwalimu, maana uchumi wa taifa hujengwa na waendeleao kujifunza.