Urasimu katika usimamizi wa mabadiliko ya TEHAMA

Urasimu katika usimamizi wa mabadiliko ya TEHAMA ni hali ambapo fomu, sahihi na vikao vinavyotakiwa kabla ya kubadilisha mfumo wa kompyuta huchukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe, bila kupunguza hatari iliyokusudiwa kuzuiwa.

Usimamizi wa mabadiliko ni utaratibu wa kuomba, kupima, kuidhinisha, kutekeleza na kuandika kumbukumbu ya kila badiliko katika programu, seva, hifadhidata au mtandao wa taasisi. Utaratibu huo hutumika katika benki, kampuni za simu, hospitali, viwanda na ofisi za serikali. Waswahili husema "haraka haraka haina baraka", lakini husema pia "ngoja ngoja huumiza matumbo". Mafundi na wasimamizi wao mara nyingi huvutana kati ya methali hizo mbili.

== Asili ==

Wazo la kudhibiti mabadiliko halikuanza na kompyuta. Viwandani, fundi hatakiwi kufungua mtambo wa hatari bila kibali cha kazi, kwa sababu mwenzake anaweza kuuwasha bila kujua kwamba kuna mtu ndani.

Katika miaka ya 1980 serikali ya Uingereza, kupitia wakala wake wa kompyuta na mawasiliano, ilikusanya taratibu za kuendesha huduma za kompyuta. Mkusanyo huo hujulikana kwa jina la ITIL, na umeenea katika taasisi nyingi duniani. Toleo lake la nne lilianza kutolewa mwaka 2019.

ITIL hugawa mabadiliko katika aina tatu:

* mabadiliko ya mazoea, yenye hatari ndogo na hatua zinazojulikana, ambayo huidhinishwa mara moja na kisha kurudiwa bila kuomba upya;
* mabadiliko ya kawaida, ambayo hupimwa na kuidhinishwa moja moja;
* mabadiliko ya dharura, ambayo hayawezi kusubiri, kwa mfano kuziba tundu la usalama linaloshambuliwa.

Taasisi nyingi huwa pia na kamati ya ushauri wa mabadiliko, ambayo hukutana kwa ratiba, kwa mfano mara moja kwa wiki. Mwombaji hueleza badiliko lenyewe, sababu yake, watakaoathirika, muda wa utekelezaji na namna ya kurudisha mfumo ulivyokuwa mambo yakiharibika.

== Kwa nini udhibiti unahitajika ==

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyofanya biashara ya hisa, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa katika seva saba kati ya nane, na ile ya nane ikabaki na programu ya zamani. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kumtaka mtu wa pili ahakiki kazi hiyo.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 zinazotumia Windows. Safari za ndege, huduma za hospitali na za benki zilivurugika katika nchi nyingi.

Katika Afrika Mashariki hatari hii humgusa mtu wa kawaida moja kwa moja. Huduma za pesa kwa simu zikisimama, muuza duka hapokei malipo na mzazi hatumi nauli. Nchini Tanzania malipo mengi ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroli namba. Mfumo unaoitoa ukikwama, mwanafunzi anashindwa kulipa ada ya chuo.

== Malalamiko ya kawaida ==

Lalamiko la kwanza ni kwamba mabadiliko yote hupitishwa katika mlango mmoja. Kumwongezea mtumishi mpya ruhusa ya kuingia katika mfumo hudai fomu ileile inayotumika kuhamisha hifadhidata nzima.

La pili ni kwamba uamuzi hufanywa mbali na wenye ujuzi. Wajumbe wa kamati huenda hawajawahi kuuona mfumo unaojadiliwa, nao huishia kukagua kama fomu imejazwa vizuri. Sahihi zikiwa nyingi, kila mtu hudhani mwenzake ndiye aliyesoma.

La tatu ni kwamba ucheleweshaji wenyewe huzaa hatari. Tundu la usalama hubaki wazi kwa siku kadhaa likisubiri kikao. Mabadiliko madogo hulimbikizwa na kufanywa usiku mmoja, na likitokea tatizo ni vigumu kujua limeletwa na lipi. Baadhi ya mafundi huanza kuita kila kazi "dharura" ili waikwepe foleni, au huifanya bila kuandika popote.

Kuidhinishwa hakutoshi kuhakikisha usalama. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake kwenye mfumo mpya baada ya bodi yake kukubali. Hata hivyo, wateja hadi milioni 1.9 walishindwa kufikia akaunti zao, na mwaka 2022 benki ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Kitabu ''Accelerate'' cha Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, kilichotolewa mwaka 2018, kilieleza kwamba idhini ya kamati iliyo nje ya timu iliendana na kazi kuchelewa, lakini haikuendana na kupungua kwa mabadiliko yanayoshindwa.

== Tanzania ==

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Juhudi za kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta zilipokwama, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake mwaka 1974. Aliyezihitaji alilazimika kuomba kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, na biashara ya kompyuta ikafunguka katika miaka ya 1990.

Marufuku hiyo ilitokana na hasara ya kweli. Lakini sharti lililozaliwa na kosa la mradi mmoja liliwabana pia wasiohusika nao, na likaendelea miaka mingi. Ndivyo inavyotokea hata ndani ya kampuni: kila hitilafu huongeza sahihi moja katika fomu, na ni nadra sahihi kuondolewa.

Siku hizi taasisi za umma huongozwa na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019. Sheria hiyo iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo husimamia viwango vya TEHAMA serikalini.

== Mfano wa kiwanda cha karatasi ==

Mgololo, katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kuna kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1980 kwa jina la Southern Paper Mills. Kilikuwa mali ya umma, kisha kikabinafsishwa na kuitwa Mufindi Paper Mills. Malighafi yake ni mipaina ya msitu wa Sao Hill.

Kiwanda cha aina hii huonyesha vizuri tofauti kati ya tahadhari na urasimu. Mashine ya karatasi hutoa ukanda mmoja usiokatika, usiku na mchana. Ukikatika, uzalishaji husimama. Kwa hiyo badiliko katika kompyuta zinazoongoza mvuke au kasi ya mashine hungoja siku ya matengenezo iliyopangwa, na kungoja huko kuna maana.

Lakini kiwanda huwa pia na kompyuta za stoo, za mishahara na za mzani wa malori. Tuchukulie kwamba karani mpya wa mzani anahitaji ruhusa ya kuingia katika mfumo, na ombi lake linapelekwa kwa kamati inayokaa Dar es Salaam kila Alhamisi. Malori ya magogo yatapanga foleni getini, na hakuna mashine iliyolindwa kwa kungoja huko.

== Njia za kupunguza urasimu ==

* Kupanga mabadiliko kwa kiwango cha hatari, na kuyaweka yanayojirudia katika orodha ya mabadiliko ya mazoea.
* Kumpa mwenzake fundi, anayeujua mfumo, kazi ya kuhakiki badiliko kabla halijawekwa.
* Kufanya mabadiliko madogo madogo, kuyajaribu kwanza kwa watumiaji wachache, na kuwa na nakala rudufu zilizokwisha kujaribiwa.
* Kuruhusu dharura zishughulikiwe mara moja, mradi maelezo kamili yaandikwe baadaye.
* Kupima siku ambazo maombi husubiri pamoja na idadi ya mabadiliko yanayoshindwa, kwani kipimo kimoja peke yake hupotosha.
* Kupitia masharti yenyewe mara kwa mara na kufuta yale ambayo hakuna anayeweza kueleza yanazuia hatari gani.